Kofi la Kiden

Wiki iliyopita tulimzika Kiden, kule Koboko. Mchungaji kijana, ambaye nadhani hakuwahi kukaa na marehemu hata kwa muda wa kunywa chai, alisema tumempoteza mwanamke wa amani, mtu ambaye hakuwa na adui hata mmoja. Watu waliitikia kwa vichwa, kama watu wanavyoitikia msibani. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki safu ya tatu, mikono mapajani, na ule wasiwasi wangu wa tangu ujana ukaanza tena: niinuke niseme, au ninyamaze? Kwa sababu Kiden alikuwa na adui. Alikuwa naye kwa haki kabisa, na kuna mwaka alipata nafasi ya kumwua kwa neno moja, mchana, mbele ya watu. Nilikuwepo. Neno lenyewe ilibaki kidogo niliandike mimi kwa mkono wangu. Sikuinuka. Nilipima faida ya kusema na hasara yake mpaka wimbo wa mwisho ukaisha na udongo ukaanza kumwagwa, na nikarudi Arua nikiwa nimenyamaza. Sasa naandika, maana kuandika ndiyo njia ya mtu ambaye kila mara jibu humjia watu wakishaondoka.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Kampala miezi minne tu kabla yake, na shahada yangu nilikuwa nayo ndani ya bahasha ya kaki ambayo niliifungua kila baada ya siku chache kuhakikisha kwamba jina langu bado limeandikwa sawa. Ofisi ya maendeleo ya jamii pale Arua ilinipa kazi ya kufundisha watu wazima kusoma. Mkuu wangu, mzee mnene mwenye kikohozi, alinikabidhi sanduku la chaki, ubao uliokatwa vipande viwili ili uingie kwenye lori, na karatasi iliyopigwa chapa yenye methali ishirini za Kiswahili, zimepewa namba. Serikali ya wanajeshi ilikuwa imetangaza kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na sisi tulitakiwa kuonyesha kwamba tangazo limefika hata mpakani. "Wafundishe kusoma," mkuu aliniambia. "Kwenye maana usiingie sana." Nikamwuliza, je, wakiniuliza maana? Aliinuka, akaufunga mlango uliokuwa wazi, akarudi kukaa. "Sema ni maneno ya wazee." Njia nzima ya kwenda Koboko, nikiwa juu ya magunia, nilisoma ile orodha nikitafuta methali isiyo na hatari. Sikuipata. Kila moja ilihusu nani awe na nani, nani aogopwe, ubaya gani uchaguliwe pale ambapo wema haupo. Ilionekana kama wazee wetu hawakuwa na shughuli nyingine ila kuchagua upande.

Nilipanga chumba kwa Mama Furaha, mjane kutoka Zaire aliyekuwa akiuza samaki wakavu sokoni. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha moja la ubao, na ukuta wa matete uliokandikwa udongo upande mmoja tu, kwa hiyo upande wa pili kulikuwa na magunia yake ya angara, wale samaki wadogo wenye chumvi wa kutoka ziwani, na harufu yao iliingia katika magauni yangu ikakaa humo mpaka nilipohama. Asubuhi tulikunywa chai bila sukari, maana sukari ilikuwa imekuwa kitu cha kusimuliwa. Jioni alipika sombe, yaani majani ya muhogo, na ugali wa muhogo, tukala kwenye sinia moja, na yeye ndiye aliyeongea. Alikuwa amegundua ugonjwa wangu wiki ya kwanza tu. "Weye mutoto," aliniambia, "unafikiri mpaka chakula inapoa. Mutu anakula kwanza, anafikiri nyuma." Nilicheka, kisha nikalala nikijiuliza kama alikuwa ananituhumu kwamba sipendi chakula chake.

Darasa lilikuwa barazani kwa ghala la zamani la tumbaku, nyuma ya soko, saa tisa mchana wakati wanunuzi wamepungua. Wanafunzi wangu walikuwa wanawake kumi na wanane, wauzaji wa unga, nyanya, chumvi na vitambaa, na walikuja na bidhaa zao, wakaziweka miguuni wasije wakaibiwa. Walijifunza upesi kuliko nilivyotarajia. Tatizo langu lilikuwa maana. Siku nilipoandika ubaoni *zimwi likujualo halikuli likakwisha*, nilieleza, nikijaribu kutokusema chochote, kwamba mwovu unayemfahamu ni afadhali kuliko mgeni usiyemjua. Kiden, aliyekuwa akiuza unga wa muhogo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alinyanyua mkono. "Mwalimu, mimi nakataa. Kama hii zimwi najua mimi, basi najua pia mahali nyama yangu iko laini." Darasa likacheka. Mama mmoja wa nyanya akasema kwao mambo ni tofauti, kwao zimwi ndiye mume, na mke mwenza ni mgeni, na yeye ameliwa na wote wawili na bado yuko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Poni, mwanamke mnene mwenye pengo la meno mbele, ambaye alijifunza kwa bidii ya ajabu, akinakili kila neno mara tano. Baadaye Mama Furaha aliniambia Poni ni mke wa nani. Ni mke wa Bwana Lemi, msimamizi wa soko. Na zimwi ambalo wanawake wote walikuwa wakilifikiria nilipoandika ile methali lilikuwa Bwana Lemi.

Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alikusanya ushuru kila asubuhi na kutoa tiketi, kisha mchana alirudi, na mara nyingi aliwatoza tena watu waliokwisha kulipa. Akipenda samaki alimchukua. Akipenda unga alileta bakuli lake. Wiki chache kabla sijafika, nilivyosimuliwa, alimwambia Kiden alipe, na Kiden akachomoa tiketi kwenye fundo la kanga, akamnyooshea usoni, akasema, "Nimelipa leo. Soma." Bwana Lemi akampiga kofi ambalo lilisikika mpaka kwa wauza mbuzi. Kitambaa cha kichwa kilianguka. Kiden alikiokota, akakikung'uta, akakifunga tena, akakaa, akaendelea kupima unga. Hakulia wala hakutukana. Wenzake waliniambia kwamba jambo hilo ndilo lililowatisha.

Basi akaja koplo. Alikuwa mwanajeshi wa kituo kidogo cha pale mpakani, mtu wa tabasamu, na alianza kusimama karibu na nguzo ya baraza wakati wa darasa. Siku moja ubaoni palikuwa na namba kumi na mbili: *adui wa adui yangu ni rafiki yangu*. Aliisoma kwa sauti, akarudia. "Hii nzuri sana," alisema. "Hii nakuja na wakati yake." Kisha akawaambia wanawake, kana kwamba anazungumzia mvua, kwamba yeye na Lemi hawapatani, kwamba amechoka kuona mama zake wanaonewa, na kwamba ipo njia nyepesi. Waandike barua. Waweke vidole gumba. Yeye ataifikisha kwa wakubwa. "Lakini barua kama inasema kofi, inasema unga, wakubwa nacheka," alisema. "Weka neno moja tu. Magendo."

Lazima niwaeleze wasiokuwepo. Magendo ilikuwa biashara ya kuvusha vitu mpakani bila kibali, na katika mwaka ule, Koboko, hapakuwa na chungu ambacho hakikupikiwa kwa chumvi au mafuta ya magendo. Kwa hiyo neno hilo liliweza kumshika mtu yeyote. Na aliyeshikwa nalo, gari la jeshi lilipomchukua, familia yake haikujua iulize wapi. Wanawake wote walijua hivyo. Nilitazama nyuso zao nikaona wanajua. Poni hakuwepo siku ile, mtoto wake alikuwa na homa. Kiden alisema, "Mwalimu ataandika," na wote wakanigeukia.

Nikaomba siku chache. Nilisema nataka kupata maneno mazuri. Ukweli ni kwamba nilikaa chumbani, karibu na magunia ya samaki, nikajaribu kutatua swali kama hesabu. Bwana Lemi ni mwovu: kweli. Koplo ni mwovu: sijui. Kama mwovu akiondolewa na mwovu, wema umeongezeka, umepungua, au umebaki palepale? Katika orodha yangu namba kumi na mbili ilisema nenda, namba nne, ile ya zimwi, ilisema kaa, na namba saba, *njia mbili zilimshinda fisi*, ilisema chochote ufanyacho, fanya upesi. Nikiwa katika hali hiyo koplo akanialika chakula cha mchana kwake, na nikaenda, kwa sababu sikupata namna ya kukataa ambayo haikuonekana kama jibu.

Alinichinjia kuku. Kuku, mwaka ule, kwa mwalimu. Alikuwa mkarimu, alinichagulia mapaja, akaniuliza habari za Kampala. Alipotoka kwenda kuniletea maji ya kunawa, nilimsikia nyuma ya uzio wa matete akizungumza na mke wake mdogo kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayepanga nyumba. "Lemi nakwenda wiki ijayo. Halafu mama ya Zaire, yeye nakwenda pia, narudi kwao. Kibanda yake iko kwenye kona, watu napita pande mbili. Wewe nakaa pale." Mke akauliza kama paa la kibanda linavuja. Akasema atatengeneza. Kisha akarudi na birika na taulo safi begani, akanimiminia maji taratibu, mkono baada ya mkono.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafumba macho. Kwetu Adumi, karibu na Arua, na Koboko vilevile, mtu anayebeba maneno ya watu, awe shahidi, awe mpatanishi, awe mwandishi, hali chakula kwa yeyote kati ya wenye maneno mpaka yamekwisha. Hata mtoto anajua. Nami nilijua. Lakini nilikuwa nimeshakula kwa koplo, na nikajiambia, kwa akili yangu ya chuo, kwamba mzani wenye uzito upande mmoja husawazishwa kwa kuweka uzito upande wa pili. Poni aliponialika Jumapili, nikafurahi. Nikaenda nikala na kwa Lemi pia. Nilitembea katikati ya mji mchana kweupe nikijiona mtu wa haki.

Kwa Poni tulikula majani ya kunde yaliyopikwa kwa simsim, yaani ufuta, na ugali wa mtama, kwenye chumba kilichofagiliwa mpaka udongo ulikuwa na mistari ya ufagio. Bwana Lemi alinisalimia vizuri, akaniita "binti", akala kidogo, akaomba radhi, akaingia ndani. Poni akamfuata. Nilibaki na watoto wawili walionikodolea macho, na kupitia mlango wa pazia nikasikia sauti ya mwanamume, ya chini kabisa: "Hii nasema nini?" Kisha sauti ya Poni, ikipanda na kushuka kama darasani kwangu: "A-na-ta-ki-wa ku-fi-ka A-ru-a." "Rudia," mwanamume akasema. "Pole pole." Poni akarudia. Alikuwa mvumilivu, mara mbili alicheka kidogo, na mara moja Bwana Lemi naye alicheka. Nilitazama sahani yangu. Niliona mbele yangu zile kalamu mbili mfukoni, na tiketi ya Kiden imenyooshwa usoni pake, nikaelewa kwa nini kofi lilikuwa kubwa vile. Sikutaka kujua jambo lile. Ni rahisi zaidi kuliondoa zimwi ambalo hujalisikia likifundishwa kusoma na mke wake.

Jumatatu darasani walikuja wanawake watatu. Jumanne, mmoja. Nikaenda sokoni mwenyewe, nikasimama mbele ya mkeka wa Kiden. Hakuinua kichwa. "Mwalimu," alisema, "kuku ya koplo nalikuwa laini?"

"Kiden, nisikilize."

"Na simsim ya Poni? Watu nasema Poni naweka simsim mingi." Alipima bakuli la unga, akalipangusa juu kwa kiganja. "Namba saba. Fisi na njia mbili. Wewe nalitufundisha." Kisha akaniambia kwamba nisijisumbue na barua, yuko karani wa mashine ya kusaga, mwandiko wake ni mbaya lakini yeye haulizi maswali, na neno magendo analijua.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama Furaha kila kitu. Nilianza na lile ambalo nilikuwa nimelificha siku tisa, kuhusu kibanda chake. Alikuwa anachagua samaki, waliovunjika huku, wazima kule, na hakusimama. "Ile najua," alisema. "Muke yake alikuja kupima kibanda yangu na miguu. Alizani mi naangalia samaki." Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini hakuwaambia wenzake? "Nani ataamini mutu wa Zaire? Batasema naogopa kwa ajili ya kibanda. Na ni kweli, naogopa kwa ajili ya kibanda." Nilipomsimulia kuhusu kula kwangu kwa pande mbili aliacha samaki, akacheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko. "Sasa iko na mifupa ya kuku upande huu na majani upande huu, na tumbo ni moja," alisema. Kisha akawa mtu wa kazi. "Rudisha."

Kurudisha nako nilikujua, ila nilikuwa nimekusahau kwa sababu hakukuandikwa mahali popote. Mtu aliyekosea akala huwapikia wote kwa chungu chake, mahali pa wazi, na kabla mtu hajagusa chakula husema alikula kwa nani, alikula nini, na aliambiwa au alisikia nini huko. Yote. Usiku na mchana nilifikiria hilo neno "yote". La koplo lilimhusu Mama Furaha, lilikuwa na madhara, lazima lisemwe. La Lemi lilikuwa aibu ya mtu tu. Lakini kanuni haikusema "yote yenye madhara".

Tulipika siku isiyo ya soko, maharage na angara na ugali wa sufuria tatu, kwenye baraza la ghala. Kiden alikuja akakaa mbali. Koplo alituma salamu kwamba ana zamu. Bwana Lemi alikuja kwa sababu Poni alimvuta, na alisimama karibu na nguzo ileile ambayo koplo alikuwa akiiegemea. Nilisimama. Nilisema nilikula kuku kwa koplo, na nikasema maneno ya kibanda kama nilivyoyasikia, pamoja na habari ya paa kuvuja. Mama wa nyanya akamwambia Mama Furaha, "Pole, dada," na Mama Furaha akajibu kwamba paa halivuji. Nikasema nilikula kunde kwa Bwana Lemi. "Na wewe nalisikia nini huko?" Kiden akauliza kutoka mbali. Nilimwona Poni akiutazama mkeka. Nikasema nilisikia mtu na mke wake wakicheka. Hiyo ilikuwa kweli. Haikuwa yote.

Tulikula. Baada ya kunawa Kiden alisimama, akasema kama mwalimu bado anataka kuandika, aandike, yeye atasema lake, na huyu mtu yuko hapa asikie. Akasema: "Huyu nalinipiga kofi mbele ya watu, na mimi nalilipa." Nikaandika, nikampa karatasi, akaisoma sentensi yake neno kwa neno, akaandika jina lake, si kidole gumba. Mwingine akasema samaki watatu. Mwingine ushuru mara mbili. Wa vitambaa akasema hajachukuliwa kitu ila anaitwa jina baya. Kila mmoja aliandika jina chini ya kile alichokiona kwa macho yake, na hakuna aliyesema magendo, nadhani kwa sababu ni vigumu kusema neno hilo ukimtazama mtu ambaye ametoka kula nawe. Bwana Lemi alisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Nimesikia," akaondoka. Nilikuwa nimetarajia zaidi. Jioni nilimpelekea koplo barua ile, nikiogopa. Aliitazama juu, akaitazama chini, akanirudishia. "Hii si barua, mwalimu. Hii iko kama orodha ya sokoni."

Nikadhani yamekwisha. Lakini kabla ya chakula kile karani wa mashine ya kusaga alikuwa amekwisha kuandika barua ya magendo, na koplo alikuwa ameshapeleka. Baada ya siku kumi gari la jeshi lilikuja saa za darasa. Walimtoa Bwana Lemi ofisini kwake bila viatu, wakamketisha chini mbele ya baraza langu, na afisa aliyetoka Arua, mtu mzima mwenye macho mekundu ya vumbi, akapanda ngazi. Kitu cha kwanza alichotazama ni ubao. Siku hiyo tulikuwa tumefika namba kumi na tano: *vita vya panzi furaha ya kunguru*. Aliisoma. Akaisoma tena. "Maana yake nini?" aliniuliza. Nikasema ni maneno ya wazee, afande. Alinitazama kwa muda ambao mimi bado sijautoka, kisha akamgeukia koplo, akauliza shahidi ni nani. Koplo akamwonyesha Kiden. Alikuwa amechagua vizuri. "Huyu mama nalipigwa na yeye," alisema. "Huyu najua yote."

Kiden alisimama. Poni alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, na alikuwa ameshika penseli kana kwamba bado anaandika. Afisa akauliza, "Mama, huyu mtu nafanya magendo?" Nilihesabu pumzi zangu, nikafika sita. Kisha Kiden akasema, kwa ile sauti yake ya chini: "Huyu nalinipiga kofi mbele ya watu, na mimi nalilipa."

"Sikuuliza kofi. Nimeuliza magendo."

"Magendo mimi sijaona. Kofi naliona."

Akamwuliza wa pili. Samaki watatu. Wa tatu, ushuru mara mbili. Walisema sentensi zao kama walivyozisoma kwenye karatasi, bila kuongeza wala kupunguza, mmoja baada ya mwingine, na yule wa vitambaa akasema jina baya aliloitwa, na askari mmoja akacheka akageuza uso. Afisa alimgeukia koplo. Akasema amekuja mwendo wote ule, na gari halina mafuta ya kuchezea, kwa ajili ya samaki. Wakaondoka na watu walewale waliokuja nao. Bwana Lemi alibaki amekaa vumbini mpaka Poni alipomletea viatu. Koplo alihamishwa kabla ya mvua, na Mama Furaha alikaa kwenye kona yake, na mke mdogo wa koplo alikuja kununua samaki kwake mara moja, kwa adabu, kabla ya kufunga mizigo.

Jioni ile nilimsaidia Kiden kukunja mkeka, nikamwuliza. Nilihitaji kujua ni methali ipi. Nilidhani lazima ilikuwepo moja, kwamba katika zile pumzi sita alipitia orodha kama ambavyo mimi ningeipitia. Alinitazama kwa huruma. "Nalitaka kusema magendo," alisema. "Ile neno nalifika hapa." Aligusa koo. "Lakini mwalimu, angekufa na magendo, kofi yangu nani angesikia? Watu wangelia yeye. Wangesema, maskini, walimsingizia. Na kofi yangu inazikwa na yeye." Akafunga gunia kwa kamba, mafundo mawili. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu falsafa na sheria za nchi nyingi, na hakuna mahali nilipokutana na sababu ile.

Siku ya nne Bwana Lemi alikuja sokoni, asubuhi, watu wamejaa, ameshika jogoo mwekundu kwa miguu. Alisimama mbele ya mkeka wa Kiden, akasema amekuja kushukuru. Kiden hakunyoosha mkono. "Hii jogoo ni ya nini?"

"Ya juzi. Ya maneno wewe nalisema mbele ya afande."

"Ya juzi hakuna deni. Sikuona magendo, nalisema sikuona." Alipima unga wa mteja, akapokea hela, akaweka. "Ya kofi iko wapi?"

Jirani zake walikuwa wameacha kuuza. Bwana Lemi alibadilisha jogoo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Nilimwona akitafuta sehemu ya kutazama asiipate. "Nalikupiga," alisema mwishowe. "Na wewe nalilipa." Kisha, kwa sauti ambayo wachache tuliisikia: "Ile tiketi. Mimi hapana jua kusoma."

"Najua," Kiden akasema. "Ndiyo maana nalikuambia soma."

Walitazamana. Sikuona msamaha pale, na nimekwisha kuona misamaha mingi tangu wakati huo. Kiden alinyoosha mkono akampokea jogoo, akambonyeza kifuani kwa kidole gumba kujua kama amenona, akamfunga miguu kwa kipande cha kamba ya gunia, akamlaza nyuma yake kwenye kivuli.